Uzi: Theluji haisafishi udongo. Risasi, aseniki na nikeli katika miji ya kaskazini

Bi_Theluji (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, nimekuwa nikilea watoto katika chekechea moja hapa Trondheim, Norway, kwa miaka kadhaa sasa. Jambo ninaloleta leo lilianza kunishughulisha siku walipofika watu wawili uwanjani kwetu wakiwa na vijiko, mifuko midogo ya plastiki na ramani ya eneo. Walichota udongo mahali kama kumi: chini ya bembea, pembeni mwa sanduku la mchanga, kwenye kona ambayo maji ya paa hudondokea, na kando ya nguzo za mbao za kibanda cha kuchezea. Hakuna mahali walipochimba zaidi ya sentimita mbili. Nilipowauliza kwa nini hawaendi chini zaidi, mmoja alinijibu kwamba mtoto wa miaka miwili hali udongo ulio mita moja chini, anakula ule ulioshika kwenye glavu yake. Wakati anasema hivyo, nyuma yake alikuwapo mtoto ananyonya kidole gumba cha glavu ya sufu iliyojaa tope.

Nilipoanza kusoma nilikuta kwamba shirika la jiolojia la Norway, NGU, ambalo makao yake yako hapahapa Trondheim, limekuwa likipima metali zenye sumu, kama risasi (ile metali, si ya bunduki) na aseniki, katika udongo wa juu wa miji tangu miaka ya 1990, na kwamba mtaalamu wake wa kemia ya miamba na udongo, Rolf Tore Ottesen, alikuwa mstari wa mbele kutaka kipimo kianzie pale watoto wanapocheza. Bergen ilipopimwa, karibu nusu ya chekechea zilizochunguzwa zilihitaji kusafishiwa udongo. Oslo, yenye chekechea takriban 700, zaidi ya theluthi moja. Serikali ikaweka mpango wa kitaifa uliohusu miji 10 mikubwa na maeneo 5 ya viwanda, kazi ikitakiwa kukamilika mwaka 2010. Kikomo kilichowekwa kwa udongo wa chekechea ni miligramu 100 za risasi na miligramu 20 za aseniki katika kila kilo ya udongo.

Kilichonishangaza ni chanzo chake, kwa sababu mimi nilitarajia kusikia habari za bomba refu la moshi. Miji hii ilijengwa kwa mbao, na mbao zilipakwa rangi ambayo zamani ilitiwa risasi. Rangi hiyo ikipigwa na jua, mvua na barafu kwa miaka hamsini hubanduka vipande vidogo vinavyoanguka hatua moja au mbili kutoka ukutani na kubaki hapo. Halafu miji ya mbao huungua. Bergen iliungua vibaya mwaka 1702, tena 1855, tena 1916, na kila mara vifusi na majivu vilisawazishwa, nyumba mpya zikasimamishwa juu yake. Ongeza moshi wa petroli yenye risasi, na utaelewa kwa nini mitaa mikongwe ya katikati ya mji ina udongo mchafu kuliko vitongoji vilivyojengwa juzi. Aseniki ilipita mlango mwingine kabisa: mbao zilitiwa dawa ya shaba, kromu na aseniki ili zisioze, kisha mbao hizohizo zikatengenezewa bembea, ngazi na kingo za masanduku ya mchanga. Norway ilizipiga marufuku Oktoba 2002, lakini nguzo iliyokwisha kusimama miaka ishirini ilikuwa imeshatoa sehemu ya dawa yake kwenye mchanga unaoizunguka.

Sasa baridi. Sisi tuliokulia nchi za joto huiona theluji kama shuka jeupe na kudhani kwamba inafunika na kusafisha. Kinachotokea ni kwamba theluji ya kando ya barabara hukusanya kila kinachoangukia kuanzia Novemba: masizi, vumbi la breki, na unga wa lami unaosagwa na matairi ya njumu (yenye vijino vya chuma) ambayo watu huyafunga majira haya ili gari lisiteleze. Nchi ya mvua ingeosha uchafu huo kidogokidogo kila wiki, ilhali hapa unawekwa akiba kwa miezi minne au mitano na kuachiwa wote ndani ya wiki chache za kuyeyuka. Chumvi inayomwagwa barabarani nayo huongeza tatizo, kwa sababu kloridi hushikana na kadimi na zinki na kuzifanya ziyeyuke kwa urahisi zaidi, na sodiamu huvunja mabonge ya udongo hata chembe ndogo zilizobeba metali zisafiri na maji. Risasi haisafiri sana. Hiyo hung'ang'ania mboji, na kwa kuwa mboji huoza polepole mahali pa baridi, hujazana juu na kuishikilia risasi katika sentimita zilezile ambazo wale watu walikuwa wakizichota kwa kijiko.

Mwezi wa Mei, kwenye maegesho ya magari karibu na kwetu, hubaki lundo moja la theluji nyeusi kama mkaa wakati nyasi zimeshachipua kila upande. Likishayeyuka lote huacha changarawe, njumu za matairi, vipisi vya sigara na tope laini la kijivu, na ndege hutua hapo kudonoa. Oslo walifikia hatua ya kuweka tishari bandarini la kuyeyushia theluji ya barabarani na kuichuja kabla maji hayajaingia baharini. Naomba michango, hasa ya waliofika kwenye miji ya viwanda vya kuyeyushia madini, kwa sababu huko ninakusoma tu.

MtakaHoja

Mleta mada, maelezo yako nayaheshimu, ila nina mashaka mawili. Kwanza, ardhi iliyoganda miezi mitano, chini ya theluji, na mtoto amevaa suti ya mvua na glavu, inawezaje kuwa na hatari kubwa kuliko uwanja wa vumbi ambao mtoto anaucheza pekupeku mwaka mzima? Pili, risasi iliyo ndani ya udongo si risasi iliyo ndani ya damu. Miligramu mia katika kilo nzima ni kiasi kidogo mno, na hakuna mtoto anayekula kilo ya udongo.

Bi_Theluji

Ndugu yangu, katika shaka la kwanza uko sahihi kwa sehemu, kwani wakati wa baridi mtoto hagusani na udongo kama wakati wa kiangazi. Tatizo huhamia Aprili, theluji inapokwisha na barabara kukauka kabla nyasi hazijaota, na vumbi lote la majira ya baridi huinuka kwa wakati mmoja. Siku hizo tukifuta madirisha ya chekechea asubuhi, jioni unaweza kuandika jina lako kwenye kioo kwa kidole. Halafu watoto hula theluji. Tunawakataza ile ya kijivu iliyo kando ya uzio, nao huila tukigeuka.

Shaka la pili linahitaji hesabu. Tuchukue udongo wa kando ya nyumba ya zamani wenye miligramu 500 za risasi kwa kilo, na tuseme mtoto anameza sehemu mbili tu za kumi za gramu kwa siku kupitia vidole na glavu, kiasi ambacho hata hakionekani. Hapo ameshaingiza mikrogramu 100 za risasi. Mtu mzima angefyonza takriban sehemu moja ya kumi ya hiyo na kuitoa iliyobaki, lakini mtoto mdogo anaweza kufyonza hadi nusu, tena ubongo wake ungali unajengwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Mchenjuaji

Nashukuru kwa uzi huu. Nilisomea uhandisi wa madini Saint Petersburg, na kiangazi kimoja tulipelekwa mafunzo ya vitendo katika rasi ya Kola, Urusi, kaskazini mwa mstari wa Aktiki. Ukifika Monchegorsk kwa barabara, kwanza unapita msitu mnene wa misonobari, kisha miti inaanza kukonda na kukauka vilele, kisha yanabaki mashina meusi yaliyosimama bila gome, na mwisho ni mawe matupu na changarawe. Hakuna moto uliopita pale. Hayo ni matokeo ya tanuri la nikeli na shaba lililoanza kazi miaka ya 1930.

Madini ya kule yamefungamana na kiberiti, yaani salfa. Ukiyachoma, kiberiti hutoka kama gesi inayogeuka tindikali ikikutana na unyevu, na pamoja nayo hutoka vumbi la shaba na nikeli. Tindikali inaua miti, mizizi ikifa mboji inachukuliwa na upepo na mvua, na metali zinapata udongo mchachu ambao hauwezi kuzishika zisiyeyuke. Ni maadui wawili wanaosaidiana, na ndiyo sababu kumwondoa mmoja peke yake hakutoshi. Hewa ya baridi nayo hutulia bondeni wakati wa usiku mrefu wa kaskazini, hewa ya joto kiasi ikiwa juu yake kama mfuniko wa sufuria, na moshi unabaki chini pamoja na watu. Mboji ya karibu na kiwanda hupita miligramu 1000 za shaba au nikeli kwa kilo, wakati ya mbali haina zaidi ya makumi. Wenyeji wanapenda sana kuchuma uyoga na matunda madogo ya porini, na nilimsikia mama mwenye nyumba wetu akimgombeza jirani kwa kuchuma upande wa kiwanda badala ya kupanda basi aende mbali.

Norilsk, mji wa nikeli ulio Siberia, sikufika, kwa kuwa mgeni huhitaji kibali maalumu. Mji huo uko kwenye latitudo ya 69, ulianza kujengwa na wafungwa mwaka 1935, na kiwanda cha nikeli kilichokuwa ndani ya mji kilifungwa Juni 2016, ingawa matanuri mengine yanaendelea. Huko kuna jambo ambalo mleta mada hakuligusa. Chini ya udongo kuna ardhi iliyoganda daima, na kiangazi huyeyuka tabaka la juu tu. Maji hayana pa kuzama, kwa hiyo huteleza kando yakielekea vijito na maziwa, yakibeba metali badala ya kuzishusha chini. Kadiri hali ya hewa inavyopata joto, tabaka linaloyeyuka huongezeka kina, na mlichozoea kukihesabu kuwa kimefungwa kinaanza kufunguka.

Mwana_Katanga

Jambo kwenu wote. Mimi ni wa Lubumbashi, na picha anayotoa Mchenjuaji naijua tangu utoto wangu. Tanuri letu la shaba lilianza mwaka 1911, na mlima mweusi wa mavi ya shaba, yaani masalia ya kuyeyusha, unaonekana kutoka karibu kila mtaa. Upande ambao upepo ulipeleka moshi, miti ilikufa na ardhi ikabaki wazi. Lakini kwetu kuna majani yanayopenda udongo wa shaba. Wazee waliyatumia kujua mahali pa kuchimba, na wataalamu wanayaita *Haumaniastrum katangense*. Naomba kuuliza: huko kwenye baridi hakuna mmea wa namna hiyo? Na kwa nini isiwe kwamba mvua ya miaka itaosha yote?

Mchenjuaji

Mwana Katanga, tofauti ni umri. Vilima vya shaba vya Katanga viko wazi tangu zama za kale, na mimea imekuwa na muda mrefu sana wa kuzoea. Sehemu kubwa ya kaskazini ilikuwa chini ya barafu nzito hadi takriban miaka 10,000 iliyopita, kwa hiyo udongo wenyewe una umri mdogo, ni mwembamba na mchachu, na mimea iliyopo ni michache. Hata hivyo kuna nyasi moja ya mafungu, *Deschampsia*, ambayo ilizuka yenyewe kwenye ardhi iliyochafuliwa ya Sudbury, Kanada, ikiwa imekwisha kustahimili nikeli na shaba. Jambo hilo lilichukua miongo michache tu.

Kuhusu mvua: shaba iliyoshikwa na mboji haioshwi kwa umri wa mtu mmoja. Tena kule msimu wa kukua ni miezi mitatu, kwa hiyo jani linaloota, kuanguka na kuoza ili kutengeneza mboji mpya hufanya kazi ya mwaka mmoja wa Lubumbashi kwa miaka mingi.

Mzee_wa_Ontario

Mmeitaja Sudbury nami nimeishi hapa zaidi ya miaka ishirini, basi nichangie. Kwanza nifute uvumi unaorudiwa kila mara: wanaanga wa Apollo walikuja Sudbury mwaka 1971 na 1972 kusoma miamba iliyopondwa na kimondo kikubwa cha kale. Hawakuja kwa sababu mji ulifanana na mwezi, ingawa kwa kweli ulifanana.

Mwaka 1972 Inco, kampuni ya nikeli ya hapa, ilianza kutumia bomba la moshi la mita 381. Hewa ya mjini ilipata nafuu, na uchafu ukapelekwa mbali zaidi. Wengine wangeita hilo kumhamishia jirani takataka. Lililosaidia kweli ni kupunguza gesi kwenye chanzo, na baada ya hapo, chokaa. Kuanzia mwaka 1978 manispaa iliajiri wanafunzi wakati wa likizo kubeba mifuko ya chokaa mgongoni kupanda vilima vyeusi na kuimwaga kwa mikono, takriban tani 10 kwa hekta, kisha mbegu za nyasi na jamii ya kunde, kisha miche ya miti. Chokaa haiondoi nikeli hata chembe. Inapunguza uchachu wa udongo, na udongo ukipungua uchachu metali huacha kuyeyuka kwenye maji ambayo mizizi inakunywa. Miti iliyopandwa imepita milioni 10, na lile bomba refu lilizimwa mwaka 2020.

Kuna kisa kimoja ambacho Mchenjuaji atakipenda. Mji wa Nikel, ulio Urusi karibu na mpaka wa Norway, ulikuwa ndani ya Finland hadi mwaka 1944, na haki ya kuchimba nikeli pale ilitolewa mwaka 1934 kwa kampuni tanzu ya Inco hiihii ya kwetu. Tanuri lake lilizimwa Desemba 2020, mwaka uleule na bomba letu. Sudbury ilikuwa imeshatia chokaa kwa zaidi ya miaka arobaini. Kule kazi ndiyo kwanza inaanza.

Mama_Sukuma

Samahani wataalamu, swali langu ni la nyumbani. Niko Norway pia, na nimepanda sukuma wiki na viazi nyuma ya nyumba ya mbao ya zamani tuliyopanga. Sukuma ya huku inapendeza, inastahimili hata baridi ya kwanza na kuwa tamu zaidi. Kitanda cha mboga kiko karibu na ukuta kwa sababu ukuta unatunza joto. Je, tunakula risasi? Nyumba ina rangi nyekundu, na fremu za madirisha ni nyeupe.

Bi_Theluji

Dada, ulipotaja ukuta nilishtuka kidogo, kwa hiyo nitajibu kwa utaratibu. Risasi hupanda kwa shida sana kutoka mizizini kwenda majanini, na kwa sukuma hatari kubwa ni udongo unaorushwa na matone ya mvua na kushika kwenye mikunjo ya jani. Osha kila jani, usiridhike kulichovya tu majini. Viazi hukaa ndani ya udongo wenyewe, kwa hiyo vimenye. Kadimi ndiyo inayopanda majanini kwa urahisi, hasa udongo ukiwa mchachu, na hapo chokaa ya Mzee wa Ontario inafaa hata bustanini.

Kuhusu rangi, nyekundu ya zamani ya Norway mara nyingi ilitengenezwa kwa udongo wa chuma kwa sababu ilikuwa rahisi kwa bei. Nyeupe ndiyo iliyokuwa ya gharama na ya kujionyesha, na ndiyo iliyotiwa risasi au zinki. Kwa hiyo mimi ningetazama fremu zako kuliko ukuta. Kwangu ningehamisha kitanda mita kadhaa kutoka nyumbani, nikijengee kingo kwa mbao mpya zisizo na dawa ya aseniki, nitandike chini kitambaa kinene kinachopitisha maji, na nijaze udongo wa kununua. Ndivyo walivyofanya hata chekechea nyingi: waliondoa udongo wa juu, wakatandika kitambaa ili mtoto akichimba ajue amefika mwisho, wakaleta udongo safi. Watoto walio chini ya miaka mitatu wasikae kucheza ule upande wa madirisha.

MtakaHoja

Hesabu ya mikrogramu nimeirudia mwenyewe na nimeikubali. Naongeza swali moja kwa dada: ule udongo wa zamani ukiuchimba, utaupeleka wapi? Ukiutupa kwa jirani tumerudi kwenye bomba la mita 381.

Mama_Sukuma

Nimetoka kupima sasa hivi kwa utepe. Kitanda changu kiko sentimita 70 kutoka ukutani, na dirisha la jikoni liko juu yake kabisa. Nimekwaruza fremu kidogo kwa ukucha, na chini ya nyeupe kuna nyeupe nyingine ya zamani inayotoka kama unga. Sukuma iliyobaki nimeing'oa. Sitauchimba udongo huo. Nitaupandia nyasi nene na kuuacha palepale hadi manispaa ijibu barua niliyowaandikia kuomba kipimo. Mwenye nyumba amekubali kitanda kipya kiwe upande wa kusini karibu na uzio, ila amesema nisubiri mwezi wa tano, kwa sababu huko ndiko anakosukumia theluji ya barabarani. Nimemwambia theluji hiyo mwaka huu ataisukumia upande mwingine.